Kabla ya Kupanda Ndege, Hesabu Siku



Mwezi uliopita tuliahidi kuendelea na habari za presha wakati wa ujauzito. Tunaomba radhi, somo hilo litakuja katika toleo lijalo. Tumeliweka kando kwa sababu ya jambo lililotugusa sana, nasi tunaona si vema likae mwezi mwingine bila kusemwa.

Wengi wenu mnajua kwamba sisi tunaoandika ukurasa huu tunahudumu katika usharika wa Waswahili huko Marekani. Jumamosi moja kila mwezi tunapima presha na sukari katika ukumbi wa kanisa. Mama akiisha kupimwa, mara nyingi hasimami. Hufungua mkoba, akatoa bahasha ya makaratasi, akasema, “Dada zangu, hebu niangalieni na hili.” Ndivyo tulivyokuja kujifunza mambo ambayo hayakuwamo katika masomo yetu ya uuguzi.

Mama wa leo ni muuguzi mwenzetu. Jina lake tunalihifadhi, naye ametupa ruhusa kusimulia ili wengine wapone. Yeye na mumewe walipata kadi za ukaazi wa kudumu, zile watu waziitazo grin kadi, Januari 2015, pamoja na watoto wao wawili. Walifanya kazi kwa bidii. Kwa miaka mitatu hawakutoka nje ya nchi hata siku moja. Kisha baba watoto akapata kazi nzuri katika shirika moja la Umoja wa Mataifa jijini Nairobi. Januari 2018 familia nzima ikahamia Kenya.

Hawakuondoka kizembe. Rafiki mmoja aliwaambia wachukue kibali cha kurudi nchini ili kadi zao zisipotee, nao wakakichukua. Walikaa Nairobi miezi 20. Mkataba ulipokwisha, Septemba 2019, walirudi Marekani, wakapita uwanja wa ndege bila shida yoyote. Mama huyo alituambia, “Tulimshukuru Mungu, tukajua mambo yetu yote yako sawa.”

Mwaka 2020 waliomba uraia, wakihesabu kwamba miaka mitano imetimia. Mwaka uliofuata waliitwa kwenye mahojiano. Afisa akawauliza juu ya safari ile, akatazama tarehe, akawaambia kwa upole kwamba ukaazi wao ulikatika. Miaka waliyokwisha kukaa haikuhesabika tena kwa namna waliyodhani. Walipaswa kuanza kuhesabu upya tangu siku waliporudi.

Kilichomliza mwenzetu si ada waliyolipa. Alikuwa na mama mzazi, mjane, peke yake kijijini. Mwenye kadi ya ukaazi anaweza kumwombea mume wake au mtoto wake asiyeoa wala kuolewa, lakini hawezi kumwombea mzazi wake. Raia aliyetimiza miaka 21 ndiye mwenye haki hiyo. Mwenzetu alikuwa amemwahidi mama yake, “Nikila kiapo tu, nitakuombea uje tukae pamoja.” Mama yule alifariki mwaka 2022. Binti yake alikula kiapo mwishoni mwa 2024. Labda hata kama angekuwa raia mapema mama asingewahi kufika. Hilo Mungu ndiye ajuaye. Lakini hata fomu ya kumwombea hakupata nafasi ya kuijaza.

Mwaka huohuo wa 2022 mtoto wao wa kwanza alitimiza miaka 18. Hilo nalo lina uzito wake, nasi tutalieleza hapa chini.

Akina mama, jambo la kusikitisha ni hili: kulikuwa na fomu moja ambayo ingewasaidia. Walistahili kuijaza. Hakuna aliyewaambia.

Kukaa na kuhesabiwa

Watu wengi hudhani kwamba kadi ikiwa salama, basi na safari ya uraia iko salama. Sivyo. Kadi inakupa haki ya kuishi na kufanya kazi Marekani. Uraia wa tajinisi, yaani uraia wa kuomba na kuapishwa, una hesabu yake pembeni, nayo inatunzwa kwa siku.

Kwa kawaida mwenye kadi hungoja miaka mitano kabla ya kuwa raia. Aliyeolewa na raia na kuishi naye hungoja mitatu. Ndani ya muda huo sheria inatazama mambo mawili.

La kwanza ni ukaazi usiokatika. Makao yako lazima yawe Marekani muda wote huo. Safari fupi hazidhuru. Ukikaa nje zaidi ya miezi sita lakini chini ya mwaka mmoja, sheria inachukulia kwamba ukaazi umekatika, na ni juu yako kuleta ushahidi kwamba haukukatika. Ukikaa nje mwaka mzima au zaidi mfululizo, umekatika, na ushahidi wa kawaida hausaidii.

La pili ni kuwapo nchini kwa mwili. Hapa siku zinajumlishwa moja moja. Anayengoja miaka mitano lazima awe amekanyaga ardhi ya Marekani kwa miezi 30 angalau katika miaka hiyo mitano. Anayengoja mitatu kupitia mume aliye raia, miezi 18.

Sisi wauguzi tunaweza kuyafananisha na mtoto kliniki. Uzito ni kitu kimoja na chanjo ni kitu kingine. Mtoto anaweza kuwa na uzito mzuri na chanjo zimempita. Ndivyo ilivyokuwa kwa mwenzetu. Miezi ya kuwapo nchini alikuwa nayo tele, kama 40 kati ya 60. Kilichokatika ni ukaazi.

Karatasi mbili, kazi mbili

Kibali cha kurudi nchini huombwa kwa Fomu I-131. Ni lazima uwe ndani ya Marekani siku unapoiwasilisha. Kwa kawaida kibali hicho hudumu hadi miaka miwili, na kazi yake ni kukuwezesha kurudi baada ya kukaa nje mwaka au zaidi bila kuhesabiwa kwamba umeyaacha makao yako kwa sababu ya muda huo tu. Hakizuii ukaazi wa kuombea uraia usikatike. Hapo ndipo mwenzetu alipojikwaa, na wengi wamejikwaa hapo.

Karatasi ya pili ni Fomu N-470. Hii ndiyo ya kuhifadhi ukaazi kwa ajili ya uraia wakati umekwenda kufanya kazi nje. Yenyewe haikurudishi nchini. Kwa hiyo anayekwenda kukaa nje zaidi ya mwaka, na anastahili, anahitaji zote mbili.

Nani anastahili? Kwanza, lazima baada ya kupata kadi awe amekaa Marekani mwaka mzima mfululizo bila kutoka. Hata safari ya siku moja kuvuka mpaka huuvunja mwaka huo. Pili, kazi anayoiendea iwe ya aina zinazotajwa na sheria: kazi ya serikali ya Marekani, ya taasisi ya utafiti ya Kimarekani inayotambuliwa, ya kampuni ya Kimarekani inayoendeleza biashara na nchi za nje, au ya shirika la kimataifa ambalo Marekani ni mwanachama wake kwa mkataba au kwa sheria. Kwa shirika la kimataifa kuna sharti jingine: uwe umeanza kuliajiriwa baada ya kupata kadi. Tatu, fomu iwasilishwe kabla hujatimiza mwaka mmoja mfululizo ukiwa nje.

Mtazameni tena baba yule wa Nairobi. Alikuwa na kadi tangu 2015. Alikaa miaka mitatu bila kutoka. Aliajiriwa na shirika la Umoja wa Mataifa baada ya kupata kadi. Alikuwa na nafasi ya kuwasilisha fomu hiyo hadi kabla ya Januari 2019. Na mke na watoto wasiooa wala kuolewa wanaomtegemea, wakiishi naye huko nje katika nyumba moja, nao huingia chini ya hifadhi hiyohiyo. Karatasi moja ya baba ingefunika nyumba nzima.

Hata hivyo, tusiipe fomu hii sifa isiyo yake. Kwa watu wengi inahifadhi ukaazi tu; miezi 30 ya kuwapo kwa mwili bado inadaiwa. Waliopunguziwa deni hilo ni walioajiriwa na serikali ya Marekani na watumishi wa dini, ambao tutawataja sasa. Tena, mwenye hifadhi hii akijaza kodi ya Marekani kwa kujiita si mkaazi, ameibomoa kwa mkono wake mwenyewe, kwa maana atachukuliwa kwamba ameyaacha makao yake.

Walioitwa na Bwana

Hapa tunajua wengi mtauliza, kwa maana kati yenu wamo wake za wachungaji, na wengine mna watoto watawa. Sheria ina mlango wa pekee kwa mchungaji au padri anayekwenda nje kwa kazi ya utumishi wake, na kwa mmisionari, bradha au sista aliyetumwa na dhehebu au chama cha misioni chenye shirika halali ndani ya Marekani. Huyu naye lazima awe na mwaka mmoja usiokatika ndani ya Marekani. Lakini siku zake za utumishi nje zinahesabiwa kama ukaazi na kama kuwapo nchini pia. Tena anaweza kuwasilisha N-470 kabla ya safari, akiwa huko, au hata baada ya kurudi.

Lakini tuseme kweli, ingawa inauma. Dada mwenye kadi anayerudi nyumbani kuuguza wagonjwa katika hospitali ya kijijini, akiajiriwa na hospitali yenyewe, hana mlango katika fomu hii, hata kama moyo wake umejaa wito. Vivyo hivyo muuguzi anayeacha kazi Marekani akaenda kufanya kazi katika hospitali ya nchi ya Ghuba. Kazi ni halali na mshahara ni mzuri, lakini siku zake hazihifadhiwi.

Je, asiende? Hatusemi hivyo. Tumewaona waliokwenda kwa wito huku wakijua wazi kwamba hesabu ya uraia itakatika, wakasema mbele ya Mungu na ya waume zao, “Tumekubali.” Hao hatujawaona wakilia kwenye ukumbi wa kanisa. Tumewaona wakilia wale waliodhani hawakutoa kitu, kumbe wametoa miaka minne.

Mke wa raia

Mama ambaye mume wake ni raia wa Marekani, na mume huyo amepangiwa kazi nje ya nchi kwa mwaka au zaidi na mwajiri wa aina tulizozitaja, pamoja na anayetumwa kwa uchungaji au umisionari, aulize juu ya mlango mwingine. Akiwa na kadi, mke wa namna hii anaweza kuomba uraia bila kungoja ile miaka mitatu wala kuhesabiwa miezi. Atapaswa kuwa Marekani siku ya kuapishwa, na kuonyesha kwamba atakwenda kuishi na mumewe nje na kwamba watarudi Marekani kazi ile itakapokwisha. Tumekutana na wake waliosubiri miaka bila kujua kwamba mlango huu upo.

Anayekwenda kumuuguza mzazi

Safari iliyo ya kawaida zaidi kwetu wanawake si ya kazi. Simu inalia usiku: mama ameanguka, baba amepooza. Binti ndiye anayetazamiwa. Anaondoka kwa wiki tatu, anakaa miezi minane.

N-470 haimsaidii huyu, kwa kuwa hakwenda kuajiriwa. Lakini akirudi kabla ya mwaka kutimia, bado anaweza kujitetea. Aonyeshe kwamba kazi yake Marekani haikufa bali alichukua likizo, kwamba mume na watoto walibaki, kwamba nyumba ilikuwa yake na kodi ya pango ililipwa, na kwamba huko alikokwenda hakuajiriwa. Cheti cha hospitali cha mzazi kinaeleza kwa nini alikawia. Kwa hiyo, dada, katikati ya machozi, weka karatasi hizo kwenye bahasha.

Wako pia wanaorudi kila baada ya miezi 11 wakakaa wiki mbili, kisha wakaondoka tena, wakidhani wamekuwa werevu. Kila safari ya namna hiyo inazidi miezi sita, kwa hiyo inaleta swali, na mwishowe ile miezi 30 haifiki. Mwenye kadi anayeishi hivyo anaweza hata kuulizwa uwanja wa ndege kama bado anaishi Marekani kweli.

Watoto hawangoji

Tulisema tutarudi kwa mtoto aliyetimiza miaka 18. Kwa sheria ya mwaka 2000, iliyoanza kutumika Februari 27, 2001, mtoto wa chini ya miaka 18 mwenye kadi, anayeishi Marekani katika malezi ya mzazi wake aliye raia, huwa raia papo hapo mzazi mmoja anapokuwa raia. Hafanyi mtihani wala haombi uraia kwa Fomu N-400. Akiisha kutimiza 18 mzazi akiwa hajaapa, mlango huo umefungwa kwake. Itambidi aombe mwenyewe, kwa ada yake na kwa hesabu yake ya siku.

Katika nyumba ya mwenzetu, mdogo alikuwa na miaka 14 mama yake alipoapa, akawa raia siku ileile. Kaka yake alikaa nyuma, akipiga makofi pamoja na wageni. Kwa hiyo, mama, unapohesabu siku zako, andika pembeni siku ya kuzaliwa ya kila mtoto.

Ikiwa imekwisha kukatika

Usikate tamaa. Kukatika kwa ukaazi si kupoteza kadi. Anayengoja miaka mitano, akirudi na kuishi bila kukatika tena, anaweza kuomba baada ya miaka minne na siku moja tangu aliporudi. Lakini kwa kuwa katika miaka mitano ya nyuma bado kutaonekana karibu mwaka mmoja wa kuwa nje, atapaswa kuleta ushahidi kama yule aliyekwenda kuuguza. Akingoja hadi miaka minne na nusu, swali hilo la safari ya zamani huondoka. Mwenzetu alirudi Septemba 2019. Alingoja hadi Machi 2024 ndipo akaomba, na hakuulizwa tena habari za Nairobi.

Kuketi mezani

Paulo alipokuwa karibu kupigwa mijeledi pale Yerusalemu, alimkumbusha akida kwamba yeye ni raia wa Rumi, na kamba zikafunguliwa (Matendo 22). Hakuona aibu kuitumia haki ile, wala hakuiabudu. Uraia wetu mkuu uko mbinguni, lakini wa duniani nao ni amana ya kutunzwa kwa akili. Na Bwana wetu, katika Luka 14, alitoa mfano wa mtu anayetaka kujenga mnara: anaketi kwanza na kupiga hesabu.

Basi kabla ya tiketi kununuliwa, baba na mama waketi mezani. Haifai mume ahesabu peke yake kwa sababu kazi ni yake, wala mke anyamaze kwa kudhani ndiyo heshima. Ulizaneni: Tangu tupate kadi, tumekaa mwaka mzima bila kutoka? Mwajiri huyu yumo katika wanaotajwa? Tutakaa nje muda gani? Nani atajaza karatasi zote mbili, na lini? Watoto watakuwa na umri gani tukirudi? Mama mzazi ana umri gani?

Katika maongezi hayo msisahau uraia wa nyumbani. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inamruhusu Mkenya wa kuzaliwa kuwa na uraia wa nchi mbili. Mtanzania mtu mzima anayechukua uraia wa nchi nyingine kwa hiari yake anapoteza ule wa Tanzania. Hilo ni jambo la kuombea na kuzungumza na wazee, hasa penye mashamba na makaburi ya ukoo.

Kisha nunua daftari. Kila safari andika siku ya kutoka na siku ya kuingia, kama unavyotunza kadi ya kliniki ya mtoto. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Siku nazo ni mali.

Sisi si mawakili. Sheria hubadilika, ada hubadilika, na kila nyumba ina habari yake. Muone wakili wa uhamiaji au mwakilishi aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria ya Marekani. Baadhi ya mashirika ya kanisa wanao watu hao. Usimpe makaratasi yako mtu wa mtaani kwa sababu tu anasema Kiswahili na anatoza kidogo. Na wewe, mama unayesoma ukiwa Moshi, Kisumu au Bujumbura, huenda huna kadi yoyote, lakini mwanao anayekuambia kwa simu, “Mama, nimepata kazi nje, narudi karibu na nyumbani,” mfurahie, kisha umwulize, “Mwanangu, siku zako umezihesabu?”

Maswali ya kuzungumza katika kikundi: Ni uamuzi gani mkubwa katika nyumba yako uliofanywa bila mke na mume kuketi pamoja? Je, kuna hati za familia ambazo wewe, mama, hujui zilipo?

Mwezi ujao, Mungu akipenda, tunarudi kwenye presha ya wajawazito. Bwana awalinde mtokapo na muingiapo. Amina.